Boti yangu ya tanga ya rimoti inalala ubavu kila upepo ukija, nimekosea wapi?

NahodhaMchanga (Kigamboni):
Habarini wakuu. Naomba msaada hasa kwa wale wanaoelewa boti za matanga maana mimi nimejifunzia mtandaoni na kukodolea macho mashua za hapa ferry, sijawahi kukaa kwenye ngalawa zaidi ya nusu saa. Toka mwezi wa pili natengeneza boti ndogo ya tanga ya rimoti, haina mota, inaenda kwa upepo tu, rimoti inafanya kazi mbili, kugeuza usukani na kuvuta au kulegeza tanga. Kuna mashua ya mita sita na nusu imepandishwa mchangani karibu na kwetu, nikaomba ruhusa nikaipima kila kona nikagawa kwa kumi, kwa hiyo yangu ina sm 65. Bodi nimechonga foamu nyeupe ile inayofungiwa TV, juu nikapaka faibaglasi na rezini tabaka tatu, imetoka safi mpaka fundi mwenyewe wa mashua aliishika akaipindua pindua akasema hii mbona nzuri.

Sasa ile mashua chini ina mkuku mfupi tu na mawe ndani, na mimi nikaweka pezi la aluminiamu refu sm 12 na risasi gramu 300, zile za kubalansi magurudumu, nilimuomba jamaa wa matairi. Mlingoti mmoja sm 100, tanga moja kubwa nimeshonesha kwa kitambaa cha mwavuli. Yote kwa yote kilo 1.1.

Kwenye beseni ilisimama kama askari. Jumamosi nikashuka pwani, upepo wa kawaida kabisa, ule wa kuchezesha nguo kwenye kamba, boti ikaenda kama mita nne nikaanza kushangilia, mara ikalala ubavu, tanga likanywa maji na haikuinuka tena, nikaifuata na suruali yangu. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu haikulala lakini ikawa inajigeuza yenyewe kuutazama upepo, nakata usukani wote upande wa pili haisikii, inasimama pale tanga linapiga piga kama bendera ya ofisi. Watoto wa pwani walicheka mpaka wakakaa chini.

Naombeni kujua risasi iwe kiasi gani na pezi liwe refu kiasi gani, kwa nini inajigeuza, na kama sevo ya kawaida (kile kimota kidogo chenye mkono kinachotii rimoti) inatosha kuvuta tanga au nitafute winchi, ile ya kuzungusha kamba kwenye ngoma. Pia kama kuna mtu aliwahi kuweka tanga lile la foromali, ule mti mrefu wa juu unaobeba tanga, kama la jahazi kwenye boti ya rimoti aniambie, ndo ilikuwa ndoto yangu ya kwanza.

chapakazi_88:
Mkuu una miaka mingapi, usije ukawa na watoto wanasubiri ada we unachezea boti 😂😂 natania bana, weka picha tuone

NahodhaMchanga:
Watoto ninao wawili na ndo walionituma. Picha inagoma kupanda, bando limebaki la kuandikia tu.

Mwl_Fizikia_Mza:
Mkuu kosa lako liko kwenye kugawa kwa kumi, na siyo kosa la uzembe, ni kosa la mtu makini, twende taratibu.

Tanga lina urefu na upana. Vyote umegawa kumi, eneo limepungua mara 100. Kimo cha tanga juu ya maji, ambacho ndo wenzo wa upepo kuiangusha boti, nacho kimepungua mara 10. Kwa hiyo uwezo wa upepo kuiangusha umepungua mara 1,000. Haya njoo kwenye uzito. Uzito unafuata ujazo, urefu mara upana mara kina, umepungua mara 1,000, na wenzo wa huo uzito kuirudisha boti umepungua mara 10, jumla uwezo wa kusimama umepungua mara 10,000. Na upepo wa Kigamboni hujaugawa kwa kumi, ni ule ule. Maana yake kiboti chako kwa upepo ule ule ni dhaifu mara kumi kuliko mashua uliyoipima. Beseni halina upepo ndo maana lilikudanganya.

Ndo sababu boti za mashindano za rimoti zina maumbo yanayochekesha ukiziona nje ya maji. Kuna daraja linaitwa International One Metre, bodi isizidi mm 1,000, boti nzima isipungue kilo 4, sasa pezi na risasi yake peke yake ni kilo 2.2 mpaka 2.5, na kina kinaruhusiwa mpaka sm 42. Zaidi ya nusu ya uzito wa boti umening'inia chini kwenye ncha ya kijiti. Jahazi lingejengwa hivyo nahodha angekataa kulipanda, lingekwama kabla halijatoka bandarini. Ila kwa kiboti hakuna njia nyingine.

Yako piga hesabu ya haraka haraka, gramu 300 mara sm 12 ni 3,600. Ukiweka gramu 500 kwenye pezi la sm 30 ni 15,000. Risasi hujaongeza hata mara mbili lakini uwezo wa kusimama umepanda mara nne na ushee. Kwa hiyo refusha pezi kwanza, risasi baadaye, maana risasi inaizamisha boti na urefu hauizamishi.

MzeeMkokotoni:
Assalaam alaykum. Nimesoma nimefurahi, vijana bado wanataka kujua mambo ya matanga.

Mwanangu mashua uliyoipima haisimami kwa mkuku wake. Inasimama kwa farumi, yale mawe ya ndani, na kwa watu. Upepo ukizidi watu wote wanahamia upande wa joshi, kule upepo unakotoka, na kwenye ngalawa mtu anakwenda kukaa juu ya mrengu, ule mti wa pembeni unaoelea, kabisa. Halafu demani, kamba ya kuvutia tanga, haifungwi ikasahauliwa, iko mkononi mwa mtu, upepo ukipiga ghafla anailegeza kidogo tanga linatapika upepo, kisha anairudisha. Wewe umechukua umbo la chombo ukawaacha mabaharia mchangani. Huyo mwalimu wa Mwanza hesabu zake sizijui ila anasema kweli, hiyo risasi ya chini ndiyo mabaharia wako.

Hilo la kujigeuza kuutazama upepo tumelicheza sana utotoni. Tukichonga vyombo vya mti wa msufi, tanga mfuko wa nailoni, usukani tunaufunga moja kwa moja, tunaviachia vikimbizane mpaka ng'ambo ya pili. Chombo kikiwa na tanga lililokaa nyuma sana kinakwenda kidogo kinauelekea upepo kinasimama, mwenye chombo anazomewa. Dawa ilikuwa kuusogeza mlingoti kwenda omo, mbele ya chombo, au kuuinamisha mbele kama milingoti ya mashua ilivyoinama. Ukizidisha nako kinakimbia upepo hakitaki kubisha, yaani kupanda kuelekea upepo, kabisa. Kwa hiyo toboa matundu matatu manne ya mlingoti, usigande kwenye moja.

Tanga la foromali liache kwa sasa. Chombo chenye tanga lile kikitaka kupindua, yaani kugeuka ili upepo uje upande wa pili, tanga linalegezwa, foromali inasimamishwa wima inapitishwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, wanaume wanne wanashika kamba na mmoja anapiga kelele. Rimoti yako yenye kazi mbili itashika kamba gani? Unaweza kuliacha tanga upande mmoja siku zote, ngalawa zinafanya hivyo kwa safari fupi, lakini upande mmoja wa kubisha tanga litalala juu ya mlingoti na chombo kitakwenda kivivu.

FundiMtwapa:
Salaam kutoka Mtwapa. Mimi nimeunda nne za saizi hio ya sm 65 na ya kwanza ilizama hapa kwa krik, kwa hivo nazungumza kama majeruhi. Hio sm 65 uliyopata kwa bahati ni daraja kabisa linaitwa RG65, na sheria zake ni fupi, bodi isipite mm 650, matanga yote pamoja yasipite sm za mraba 2,250, na kimo cha matanga kisipite sm 110. Basi, mengine ni akili yako. Hebu pima tanga lako, mimi naona kwa mlingoti wa sm 100 na tanga moja kubwa umepita hapo mbali.

Nyingi za saizi hii zina uzito wa kama kilo moja, na nusu ya uzito huo ni risasi. Yako ina 1.1 na risasi ni 300 tu, maanake gramu 800 ni bodi na vyuma, hapo ndo umeniumiza. Rezini tabaka tatu za nini? Boti haibebi mzigo. Bodi ya foamu tabaka moja nyembamba yatosha, na rezini ilozidi unaifuta na kadi ya simu ya zamani ingali mbichi.

Pezi usitumie bati tupu. Bati la sm 12 lasimama, la sm 30 na nusu kilo kwa ncha lajipinda kama ulimi na boti inaanza kutingisha kiuno. Mimi nagundisha plaiwudi mbili za milimita 3, nachonga mbele iwe mviringo kiasi na nyuma iishie nyembamba, upana kama sm 5, kisha faibaglasi juu. Risasi iwe ndefu kama torpido, sio donge. Ukitaka kuyeyusha risasi fanya nje upepo ukikupa mgongo, na kalibu ya kumwagia iwe imekauka kabisa, tone moja la maji risasi yaruka kwa uso. Kama waogopa, na ni vizuri kuogopa, nunua chubwi ndogo ndogo, zile risasi za mishipi, kwa duka la nyavu uzipange ndani ya kalibu na epoksi, zitakuwa kubwa kidogo kwa uzito ule ule ila utabaki na macho.

Kisha kipimo cha kidole, hiki ndo kitamaliza hio shida ya kujigeuza. Toa tanga na mlingoti, weka boti kwa maji yalotulia, usukani umenyooka. Isukume ubavuni kwa kidole kimoja pole pole. Ukisukuma karibu na omo omo ndo yaenda, ukisukuma karibu na tezi, kule nyuma, tezi ndo yaenda. Katikati kuna pahali pamoja boti nzima yaenda ubavu ubavu bila kugeuka. Weka alama ya kalamu. Hapo ndo maji yanashikilia boti. Sasa kata kadibodi umbo la tanga lako kwa udogo, itafutie pahali inapolala sawa juu ya ncha ya pini, hapo ndo upepo unavuta. Hio ya tanga iwe mbele ya ile alama ya kalamu kama sm 2 au 3. Yako nakuapia iko nyuma.

Na jua kitu kimoja, boti ikiinama tanga linatoka nje kwa upande, linaivuta boti kutoka ubavuni, na hata ile ilopimwa vizuri yaanza kujigeuza. Kwa hivo tengeneza pezi kwanza ndo uhamishe mlingoti, ukianza na mlingoti utahamisha mara mbili.

Matanga mawili ndio, kubwa na dogo la mbele, sevo moja yavuta yote. Kitambaa cha mwavuli tupa, kinanyooka kikiwa na maji, tumia ile plastiki ngumu ya kufungia maua.

Sevo, mimi ni mtu wa mkono. Mkono wa sm 8 ukizunguka nyuzi 120 wavuta kamba kama sm 14. Funga demani kwa ule mti wa chini wa tanga sm 11 kutoka mlingotini na tanga litafunguka karibu nyuzi 80, yatosha hata ukipewa upepo wa nyuma. Weka sevo pembeni sio katikati ili mkono upate nafasi, na iwe ya gia za chuma, zile MG996 wanazouza watu wa vifaa vya elektroniki zafanya kazi.

Mwl_Fizikia_Mza:
Kwenye sevo nakupinga fundi. Winchi ya ngoma inavuta kwa nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho, mkono nguvu yake inabadilika kila pembe.

FundiMtwapa:
Mwalimu hapo ndo mkono unapendeza, tanga likiwa limevutwa ndani kabisa ndo upepo wavuta zaidi na mkono uko kwa pembe nzuri. Winchi ni tamu mpaka siku kamba ilegee ijizungushe kwa ngoma, boti iko mita sitini na tanga limefungwa ndani. Ukitumia winchi weka kamba ya mzunguko yenye lastiki ya kuikaza wakati wote. Mimi ile ilozama ilikuwa na winchi, sisemi zaidi.

Mwl_Fizikia_Mza:
Haya bwana, umeshinda kwa ushahidi wa marehemu 😄

binti_wa_Tanga:
Jamani mimi nafuatilia kimya kimya maana mdogo wangu anataka tutengeneze, na kwa jina la mji wetu ni aibu hatuna hata moja. Nina mawili. Kwanza kwa nini msiweke mirengu kama ngalawa badala ya kuning'iniza lirisasi lote hilo? Pili maji ya chumvi mnayafanyaje, si vifaa vinaoza vyote?

FundiMtwapa:
Dada, mirengu inasimamisha boti vizuri sana na yaenda kasi kuliko hizi zetu, mpaka siku ile mrengu wa chini uzame. Ikipinduka inabaki imepinduka, imetulia vizuri tu chini juu, na hakuna baharia wa kuigeuza. Boti ya pezi refu hata ikilala tanga kwa maji yainuka yenyewe mradi maji hayajaingia ndani. Kwa boti ambayo haina mtu ndani mimi nataka ile inayojua kuinuka.

Chumvi ni adui kweli. Risiva, kile kifaa cha kupokea rimoti, mimi naivisha puto la watoto, waya zinatokea mdomoni, nafunga na lastiki na kupaka vaselini. Waya wa antena uuinue juu chini ya sitaha, mbali na usawa wa maji, kwa sababu hizi rimoti za 2.4 gigahezi mawimbi yake hayapiti majini na maji ya chumvi ndo kabisa. Fimbo ya usukani ipite ndani ya kijibomba ambacho mdomo wake wa juu uko juu ya usawa wa maji, jaza grisi. Ukirudi nyumbani suuza yote na maji ya bomba, fungua kifuniko, acha wazi usiku kucha. Na acha vipande vya foamu ndani ya bodi, ikijaa maji ielee utaiokota.

MzeeMkokotoni:
Na muangalie maji. Hicho chombo kidogo hakikimbii.

Mwl_Fizikia_Mza:
Mzee amegusa penyewe. Boti inayopasua maji mwendo wake unafungwa na urefu wake, sm 65 ni kama mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mkondo wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, pale mlangoni mwa bandari mkuu Nahodha ukiushindanisha na boti yako utaisindikiza kwa macho. Chagua siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, au sehemu iliyojikinga.

NahodhaMchanga:
Wakuu narudi na mrejesho, wiki tatu sasa. Nilipima tanga lilikuwa sm za mraba 3,100, aibu tupu. Nimekata jipya la plastiki ya maua, mawili, jumla 2,200. Pezi la plaiwudi sm 30, chubwi na epoksi gramu 520, nilitumia kalibu ya chupa mbili ndogo za dawa ya kikohozi zilizokatwa, siyo torpido sana ila ina kichwa na mkia. Bodi nilikwangua na msasa mpaka mkono ukafa ganzi, nimetoa gramu 160.

Kipimo cha kidole nilifanyia kwenye lile beseni kubwa la kufulia la mke wangu, alama ya kalamu ikawa sm 5 mbele ya pale tanga la zamani lilipokuwa linavuta. Yaani tanga lilikuwa nyuma kabisa. Nimetoboa matundu manne kama alivyosema mzee, naona la pili kutoka mbele ndo lenyewe.

Jumapili asubuhi, maji mafu, nikaifunga na mshipi wa kuvulia kwa woga. Upepo ukaja ikainama, nikashika kichwa, ikabaki imeinama hivyo hivyo inakwenda! Ikaenda mpaka mshipi ukaisha, nikageuza usukani ikapindua, tanga likahama upande wenyewe bila mimi kugusa kitu, ikarudi. Nikafungua mshipi. Nimecheza saa mbili, wale wale watoto walionicheka walipanga foleni ya kushika rimoti. Mzee mmoja mvuvi akasimama akaangalia muda mrefu akaniuliza mashine iko wapi, nikamwambia hakuna, akasema basi anayeshika demani ni nani.

Bado kuna kitu kimoja. Mchana kusi, ule upepo wa kusini, ilipoamka, nikiipa upepo wa nyuma omo inazama, inaingia chini ya maji kama bata, tezi inanyanyuka usukani unatoka majini inaenda inakotaka.

FundiMtwapa:
Karibu kwa kilabu ndugu. Hio ya kuzamisha omo sote tunayo, bodi za sm 65 ndo ugonjwa wake. Kwanza angalia boti ikiwa imetulia, mwisho wa tezi uguse maji kidogo tu, kama omo iko chini sogeza betri nyuma sm kadhaa. Kama iko sawa basi tanga ni kubwa kwa hio kusi. Wenye mashindano wana seti tatu za milingoti, refu ya upepo mdogo, ya katikati, na fupi ya upepo mkali, na wanabadilisha nzima nzima na mlingoti wake sio tanga pekee. Unda ya pili yenye eneo kama theluthi mbili ya hio na kimo chini ya sm 80. Gundisha pia kipande cha ndala kwa ncha ya omo, utakuja kugonga mguu wa mtoto wa mtu.

NahodhaMchanga:
Ndala ninayo moja, mwenzake alichukuliwa na maji siku ile ya kwanza. Theluthi mbili ni kama 1,500, na tundu la mlingoti nitumie lile lile la pili au nirudi nyuma?

MzeeMkokotoni:
Tanga fupi huvuta chini, chombo hakiinami sana, basi hakitataka kujigeuza sana. Anza na tundu la tatu. Na nipelekee picha bando likirudi.